Panya Mwenye Mikato Miwili Sikioni

Nilipata kazi ya kulea panya kwa sababu sikuwaogopa. Nilizaliwa Ambanoro, Nosy Be. Baba alikuwa mpika maua ya ilangilang katika kiwanda kidogo cha mafuta ya manukato, na mama alikuwa mtu wa Marodoka, ambako nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zamani zimesimama hadi leo, nusu yake zimeshikwa na mizizi. Ghala la mpunga la upande wa mama lilikuwa ndani ya mojawapo ya nyumba hizo, na tangu nilipokuwa na miaka minane mimi ndiye niliyetega panya humo. Niliwajua kwa alama za mikia yao kwenye vumbi. Nilijua yupi ameshaonja mtego akaponea chupuchupu, kwa jinsi alivyopita mbali nao mara ya pili.

Mwanzoni mwa mwaka 1978, nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mama alinipeleka Mahajanga kwa mdogo wake, mtaa wa Mangarivotra. Kushoto kwa nyumba ya mama mdogo kulikuwa na nyumba tatu tupu, milango yake imepigiliwa mbao. Nikauliza wenyewe wako wapi. Mama mdogo akasema, “Wameondoka,” akaendelea kukuna nazi.

Baadaye nilielewa. Mwaka mmoja na kidogo kabla sijafika, watu wa asili ya Komoro waliuawa mjini humo, siku chache tu, na wengi wa waliosalia wakapakiwa melini na kwenye ndege kupelekwa visiwani, ambako wengine wao hawakuwa wamewahi kufika maishani. Sisi, Waislamu wa pwani wa damu mchanganyiko, hatukuguswa. Nyumbani kwetu hilo halikuzungumzwa.

Kulia kwetu alibaki mama mmoja wa Kingazija, mzee wa miaka kama sitini. Tulimwita koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Alipika mokary, vile vikate vya mchele na nazi, akaviuza barazani asubuhi. Mwanawe wa pekee hakuonekana tena tangu siku zile. Mtu mmoja alimwambia koko kwamba alimwona bandarini akipanda meli. Ndugu walioko Ngazidja, kisiwani Komoro, wakaleta habari kwamba hakushuka. Basi koko hakuvaa nyeupe ya msiba, wala hakukubali hitima isomwe. “Simsomei mtu aliyeko safarini,” alisema.

Mazungumzo haya yote yalikuwa kwa Kimalagasi cha kwetu, na koko alichanganya Kikomoro. Kiswahili nilikipata ukubwani, Tanga, nilikokwenda kusomea ufundi wa maabara nikabaki. Kwetu kilikuwa kimebaki katika maneno ya dini na ya bahari tu. Kwa hiyo wote humu nawasemesha kwa lugha ambayo hawakuisema.

Kazi niliisikia kwa mama mdogo, aliyekuwa akifua nguo za daktari mmoja. Daktari huyo alikuwa mwanamke wa nyanda za juu, mwembamba, amerudi kutoka masomoni Ufaransa, na alikuwa na maabara ya vyumba viwili mahali pa bondeni karibu na mdomo wa mto. Nilipofika alimtoa panya mweupe mwenye macho mekundu, akamweka mezani. “Mshike,” akasema. Nikamshika mgongoni, nikamwekea kiganja chini ya miguu ili asihisi anaanguka.

“Umewahi kufanya kazi ya panya?”

“Ya kuwaua, ndiyo.”

Akacheka. “Hapa utawalea na kuwaua pia.”

Kilichomshughulisha daktari kilikuwa kimeng'enya kimoja kilichomo kwenye maini ya panya. Alinieleza juma la kwanza, akichora kwenye karatasi ya kufungia sukari. Ndani ya seli, alisema, protini huundwa kama uzi mrefu, na uzi ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Lazima ujikunje uwe na umbo lake, na umbo hilo hushikwa na vifundo hapa na pale. Vifundo vikifungwa pasipo pahala pake, protini inakuwa kitu cha ovyo. Kimeng'enya hiki hupita kikafungua vifundo vilivyokosewa na kuvifunga upya, mpaka umbo litulie.

“Kinajuaje umbo lililo sahihi?” nikauliza.

“Hakijui. Kinafungua na kufunga tu. Uzi wenyewe ndio unaojua.”

Jibu hilo lilinikosesha raha kuliko nilivyotazamia. Usiku ule nilimsimulia mama mdogo naye akasema kuna mambo ambayo ni fady kuyachungulia, mwiko, akataka nioge kabla ya kugusa chakula chake.

Kazi yenyewe nilijifunza upesi. Daktari alikuwa na protini ya majaribio iliyovurugwa vifundo vyake makusudi, ikawa haifai kitu. Tukiitia kwenye maji ya ini lililosagwa, pole pole iliamka ikaanza kufanya kazi yake. Mashine ya kupima mwanga ilikuwa na kalamu iliyochora juu ya karatasi inayotembea. Protini ikiwa imelala, kalamu ilichora mstari wa kulala. Ikianza kuamka, mstari ulipanda. Nimekaa mbele ya kalamu ile miaka mitatu, na kila ilipoanza kupanda nilisisimka mwili, maana chumbani hapakuwa na kitu hai ila mimi.

Lakini hilo halikumtosha daktari. Kwenye chupa kila kitu kinaweza kufanya kila kitu, alisema. Alitaka kujua kimeng'enya kina kazi gani ndani ya panya aliye hai. Basi tulipima kiungo kimoja baada ya kingine. Ini na kongosho, zinazotoa protini kwa wingi kuzipeleka nje ya seli, zilikuwa nacho tele. Kwenye misuli kilikuwa haba. Kisha tulikata ini vipande vyembamba mno, tukaviweka kwenye maji ya vuguvugu vikaishi saa chache, na nusu yake tukavipa dawa ya kukizuia kimeng'enya. Vipande vilivyopewa dawa viliendelea kuunda nyuzi, ila hazikutoka. Zilirundikana ndani. Daktari alinionyesha kwa darubini seli zilizovimba. “Kila kitu kimo,” alisema, “na hakuna kilichokaa mahali pake.” Nilizitazama muda mrefu. Niliporudi Mangarivotra jioni hiyo nilipita mbele ya zile nyumba tatu zilizopigiliwa mbao, nikajikuta natembea katikati ya barabara, mbali na kuta.

Panya tuliwatambua kwa kuwakata masikio, vijikato vidogo pembeni kwa mkasi. Kila namba ilikuwa na mahali pake kwenye chati. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kuna jike mmoja, mwaka wangu wa pili pale, niliyetakiwa nimkate mara mbili sikio la kulia. Nilimshika, nikaitazama chati, nikakata mara mbili sikio la kushoto. Sijui kwa nini. Sikuwa nimekosea hata siku moja kabla yake, na mkono haukuteleza. Badala ya kumwambia daktari, nilirekebisha daftari lifuatane na sikio.

Mwaka huohuo kimbunga kikaja. Daktari alikuwa Antananarivo kwa shughuli zake. Siku moja kabla, panya walinyamaza. Panya hawanyamazi, hata wakilala kuna kutafuna, kukuna, kusugua. Asubuhi ile niliingia nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye tundu lake, wote wameelekea ukuta mmoja, ukuta wa upande wa bahari ambao hauna dirisha.

Kesho yake niliamka upepo ukiwa umeshang'oa mabati ya jirani. Mama mdogo alinizuia mlangoni. Nikamwambia nawahi kuwapandisha panya kwenye rafu za juu, nitarudi mara moja. Nilifika maabara maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, mlinzi ameshakwenda kwao. Matundu ya chini yalianza kuingia maji. Nikapandisha matano, sita, maji yakafika magotini, nikaona sitayamaliza. Hapo nikafanya nililokuja kulificha baadaye: nikafungua milango ya matundu yote.

Hawakukimbia. Walikaa na pua zao milangoni wakinusa. Wa kwanza kutoka alikuwa yule jike wa mikato miwili. Alitembea juu ya rafu bila haraka, akapanda bomba, akapita kwenye kioo cha dirisha kilichokuwa kimevunjika. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kimya, hakuna aliyesukumana na mwenzake. Nilisimama ndani ya maji nikawatazama mpaka wa mwisho. Kisha nikashika ukuta hadi nyumbani.

Mji ulikaa siku sita bila umeme. Daktari aliporudi alinikuta nakomba matope. Alitazama matundu yaliyo wazi, akanitazama mimi, akasema, “Upepo.” Nikasema, “Upepo.”

Kwenye jokofu kulikuwa na chupa za maji ya maini kutoka kwa panya tuliowaua majuma mawili kabla ya kimbunga. Zilikuwa zimepata joto na harufu yake ilitutoa machozi. Daktari aliniambia nizimwage. Umeme uliporudi, kabla ya kuzimwaga nilitia matone kutoka chupa moja kwenye protini iliyolala, nikaketi mbele ya mashine. Kalamu ikapanda. Ilipanda taratibu, lakini ilipanda. Nilimwita daktari. Hakushangaa, alisema kimeng'enya hiki ni kigumu kufa, hata wakati wa kukisafisha hupashwa moto unaoangamiza vingine vyote, chenyewe kikabaki.

Nilimsimulia mama mdogo. Aliacha kupepeta mchele.

“Panya mwenyewe alikufa lini?”

“Kabla ya kimbunga.”

“Na ini lake bado linafanya kazi?”

“Ndiyo, mama mdogo.”

“Linamfanyia nani?”

Akachukua ungo wake akaenda kupepetea uani.

Mwezi haukuisha, panya weupe wakaanza kuonekana Mangarivotra. Mwanamke mmoja alimkuta kwenye ngazi za kisima cha msikiti, mchana kweupe, amekaa wima. Mwingine alimwona akiingia chini ya mlango wa mojawapo ya zile nyumba tupu. Panya wa mjini ni wa kijivu na hukimbia akiona mtu. Hawa walisimama wakamtazama mtu kwa macho mekundu, kwa kuwa walizoea kulishwa kwa mkono, wangu. Mtaa mzima ukajua maana yake bila kuambizana. Walioondolewa wamerudi, wanatafuta milango yao. Watu waliokuwa wamechukua vitu katika nyumba zile wakaanza kuvirudisha. Asubuhi moja nilikuta kitanda cha mvule kimeegemezwa kwenye mbao za mlango, na pembeni yake masufuria mawili na saa ya ukutani.

Mimi nilijua ni panya wetu. Kwa neno moja ningewatuliza wote, lakini neno hilo lingesema pia nani aliyefungua matundu. Na kusema kweli, nilipoona ile saa ya ukutani imerudishwa, nilitaka waendelee kuogopa.

Kilichonifungua kinywa ni daktari mwenyewe. Habari zilimfikia, akanijia uso umebadilika. Hakuogopa mizimu. Mahajanga ni mji wa bandari, alisema, na una historia yake ya tauni. Panya wa maabara hajui kupambana na viroboto wa nje, ataugua haraka na kumwambukiza mtu haraka, hasa kwa kuwa hamkimbii mtu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba haukuwa upepo.

“Ungeniambia siku ya kwanza,” akasema. Hakunifokea. Alikwenda stoo akatoa mitego ya waya, akaipanga miguuni pangu. “Wewe unajua kutega. Watafute wote.”

Nilitega kwa majuma mengi. Niliwapata karibu wote, wakiwa hai, nikawarudisha mmoja mmoja kwenye kikapu kilichofunikwa kanga. Waliopatikana walikuwa wazima. Mtaani nilisema ukweli kwa yeyote aliyeniuliza nimebeba nini: ni panya wa maabara, wametoroka siku ya kimbunga, mimi ndiye mlezi wao. Watu walisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyekuja kuchukua kitanda wala saa.

Akabaki mmoja, jike wa mikato miwili. Nyayo zake nilizifuata hadi ukuta wa koko.

Nilikwenda alasiri na mtego mkononi. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na ndani koko alikuwa akizungumza. Nilidhani ana mgeni. Alikuwa akisimulia kwa Kikomoro habari za mtaani: nani kaolewa, paa la nani limeruka, bei ya nazi, fulani kazeeka ghafla. Alikuwa akinyamaza kila baada ya maneno machache, kama mtu anayesubiri kujibiwa, kisha anaendelea. Nilisukuma mlango. Alikuwa ameketi kwenye jamvi, na mbele yake, juu ya kisahani, panya mweupe alikuwa anakula mokary iliyovunjwavunjwa.

“Karibu, mwanangu,” koko akaniambia. “Usimshtue.”

Nikaketi. Nikamwambia kila kitu, matundu, maji, dirisha. Nikamwambia huyu ni panya tuliyemleta kutoka mbali kwa ajili ya kazi, na kwamba daktari anaogopa ugonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeuza yule panya kwa kidole, polepole, sikio la kushoto likanielekea.

“Mwanangu aliumwa na mbwa alipokuwa mdogo,” akasema. “Sikio hili. Meno mawili.”

“Koko, hiyo ni namba. Niliikata mimi kwa mkasi.”

“Uliambiwa ukate hapo?”

Ningeweza kumdanganya. “Hapana,” nikasema. “Niliambiwa la kulia.”

Nikajaribu tena. “Koko, huyu ni jike.”

“Nimeona. Amezaa ukutani mwangu.” Na kweli, nilipotega sikio nilisikia vitoto, sauti nyembamba ndani ya mawe, nikainuka na mtego wangu nikatoka.

Daktari nilimwambia sikumpata huyo mmoja. Alinitazama vile alivyonitazama siku ya matope, lakini hakuuliza. Nilipeleka kwa koko dawa ya viroboto, nikamfundisha kunawa kwa sabuni. Kila niliporudi kazini nilipita kwake, na mara nyingi nilimkuta katikati ya mazungumzo. Vitoto vilikua vikawa na mabaka ya kijivu na meupe, vikatawanyika mtaani, vikawakimbia watu kama panya wengine. Mama yao hakuondoka. Hakuwa na haja ya giza. Alitoka saa ileile, baada ya alasiri, akakaa kwenye kisahani kabla hakijatiwa chakula.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, koko aligonga kwetu. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe kisafi. Mama mdogo alitoka, akaona, akarudi ndani.

“Amekufa alfajiri hii,” koko akaniambia. “Wewe unawafungua panya. Mfungue huyu, uniambie alichokuwa nacho ndani. Usinifiche kitu.”

Nilimpeleka maabara. Sikuwa na la kumficha daktari tena. Nikamweleza yote akiwa amesimama na kikombe chake cha kahawa. Akakiweka chini, akavaa glovu mwenyewe.

Tulimfungua pamoja. Alikuwa panya mzee aliyelishwa vizuri. Moyo, mapafu, figo, makovu ya uzazi, kivimbe kifuani cha aina inayowapata majike wazee. Ini lilikuwa zuri, jekundu, bila doa. Daktari alikata nusu akaitia kwenye friza, nusu tukaisaga kama kawaida. Nilitia matone kwenye protini iliyolala, nikaketi mbele ya kalamu.

Mstari ukalala. Nilingoja dakika tano, kumi. Daktari alikuja akasimama nyuma yangu. Nikarudia kwa maji mapya ya ini. Mstari ukalala. Tukapima ini la panya mwingine wa siku hiyohiyo, kwa dawa zilezile, kalamu ikapanda bila wasiwasi. Tukarudi kwa jike wa mikato miwili. Karatasi ilitembea, ikajikunja sakafuni, mstari umelala kama ulioandikwa kwa rula.

“Haiwezekani,” daktari akasema. “Panya asiye nacho hazaliwi. Hawezi hata kujenga ini.”

“Pengine amekaa saa nyingi tangu afe.”

“Zile chupa za kimbunga zilikaa siku sita kwenye joto.” Akaikata ile karatasi, akaikunja akaiweka mfukoni. “Tumekosea mahali,” akasema.

Jioni nilimrudishia koko kilichobaki, kimefungwa kwenye kitambaa chake. Aliketi barazani akanitazama usoni. Nikamwambia nimekuta moyo, figo, ini zuri. Nikamwambia alikuwa jike, alizaa, alikuwa mzee na ana uvimbe. Kisha, kwa kuwa alinikataza kumficha kitu, nikamwambia kuna kitu kimoja ambacho kila panya anacho, kinachozipa protini umbo lake, na bila hicho haishi. Kwake hatukukiona.

“Na aliishi.”

“Aliishi, koko.”

Alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu aliyeletewa habari alizokwisha kuzipata kwingine. Alimzika uani mwenyewe, sikualikwa.

Baada ya hapo hakukaa sana Mangarivotra. Nilikuwa nimepata kazi katika zahanati huko Nosy Be, na koko alikuwa na binamu Marodoka, mjane kama yeye. Tukasafiri pamoja. Nyumba yake Mahajanga aliiacha wazi, hakupigilia mbao. Daktari naye alirudi Ulaya fedha za utafiti zilipokwisha, akabeba sampuli zake, pamoja na ile nusu ya ini, kwenye chupa ya barafu.

Barua yake ilinifikia mwishoni mwa miaka ya themanini. Ilikuwa ndefu, ya furaha. Wenzake huko nje walikuwa wamegundua jambo la ajabu, aliandika: protini ambayo sisi tuliijua kama mfungua vifundo, wengine walikuwa wakiichunguza kwa miaka chini ya jina jingine, kama sehemu ya kimeng'enya kinachoimarisha nyuzi za ngozi na mifupa; na wengine tena waliijua kama kitu kinachoshika homoni ya tezi ya shingo. Majina matatu, na ni kitu kimoja kilekile. Mwisho, kwenye nafasi iliyobaki chini ya ukurasa, aliandika kwamba hatimaye aliipima ile nusu ya ini iliyokaa kwenye friza. “Kimo,” aliandika. “Cha kawaida kabisa, sawasawa na cha wengine. Siku ile tulikosea.”

Nilimsomea koko barua hiyo Marodoka, asubuhi, yeye akichambua mchele uani kwa binamu yake. Alikuwa ameshaanza kutoona vizuri na vidole ndivyo vilivyotafuta mawe. Nilimtafsiria sehemu ya mwisho.

“Kile mlichokikosa kimeonekana?”

“Kimeonekana, koko.”

“Wapi?”

“Ulaya. Kwenye ile nusu aliyoibeba.”

Vidole vyake vikasimama. “Basi msafiri amefika,” akasema. Akataka nimsomee tena pale penye majina matatu, nikamsomea. Kisha akamwita binamu yake, akamwambia apeleke habari msikitini kwamba anataka kumsomea mwanawe hitima.

Ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Wanawake tulikaa chumba cha ndani, wanaume ukumbini, mlango uko wazi kati yetu. Koko alivaa nyeupe kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kabla ya kuanza, imamu alisogea mlangoni akauliza, kwa upole, marehemu alifariki lini na wapi, ili amtaje katika dua.

Koko alinigeukia mimi, kwa macho yasiyoona vizuri, akangoja.

“Mahajanga,” nikasema. Ya lini, zile siku za mauaji au alfajiri ile ya kitambaa cheupe, sikuweza. Imamu akarudi kwa wenzake, wakaanza kusoma.